Shangazi, mbona nawashangilia wauaji?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa, na kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Nakutajia kazi mapema kwa sababu ndiyo inayoniongezea aibu. Kutwa nzima natafuta wizi: risiti za kuchonga, mzabuni asiyekuwepo, mishahara ya watu walioacha kazi zamani. Ofisini wananiogopa. Nyumbani wananitania kwamba hata chenji naidai kwa maandishi.

Usiku, watoto wakishalala, navaa hedifoni na kuangalia filamu za watu wanaoiba, wanaodanganyana na kuuana. Si zile za mapigano ambazo steringi anawamaliza watu ishirini peke yake. Nazungumzia zile wanazoziita noir mpya: mvua ya usiku, taa za rangi zinazong'aa kwenye lami iliyolowa, mwanamke mwenye siri, mwanamume anayejiona mjanja kumbe sivyo, na fedha nyingi ambazo si zao. Nikianza moja silali mpaka iishe. Nimeshazitafuta hadi za zamani, zile za rangi nyeusi na nyeupe ambazo ndizo mama wa hizi.

Kinachonisumbua ni upande ninaokaa. Hivi karibuni nilikuwa naangalia Double Indemnity, ile ya mke na wakala wa bima wanaomuua mume ili walipwe. Wameshaua, wameshalaza maiti relini, wanarudi kwenye gari waondoke, gari linagoma. Shangazi, nilijikuta nasema, "Waka! Waka basi!" Kwa kuwa nilikuwa na hedifoni, sikujua nimepaza sauti kiasi gani. Mume wangu akaamka, akaja kuuliza ninamwombea nani. Nikamwonyesha. Akatazama kidogo, akacheka, akarudi kulala. Asubuhi akaniuliza, uso mkavu kabisa, bima yake ya maisha inaisha lini.

Tulicheka wote. Lakini mzaha umekua. Amewasimulia ndugu zake, na sasa nikimpa shemeji yangu glasi ya maji ananiambia nionje kwanza.

Dada yangu mkubwa hakucheka. Ni mtu wa ibada na ananipenda sana. Aliniambia jicho ni taa ya mwili, na kile ninachoyalisha macho yangu kila usiku ndicho kitakachokaa moyoni. Tangu hapo najificha. Nikisikia mlango nabadilisha haraka naweka taarifa ya habari. Hebu fikiria, mtu mzima, nyumbani kwangu.

Halafu kuna kijana mmoja ofisini anayezijua filamu kwelikweli. Aliona orodha yangu: Body Heat, Fatal Attraction, Basic Instinct, The Last Seduction. Akatikisa kichwa, akasema hizo ni takataka za enzi za kanda za video, mtu mwenye akili kama zangu aangalie Chinatown. Nikaiangalia. Zikaanza habari za mabwawa na mabomba ya maji, nikasinzia.

Kwa hiyo sasa nina hatia mbili: ya kupenda uovu, na ya kupenda uovu wa bei rahisi. Nina kasoro gani? Niziache? Niifute hiyo orodha? Na hili la kujificha nilimalizeje?

Mkaguzi wa Usiku

*

Marahaba mpwa wangu,

Huyo mume wako nimempenda bure. Anayeweza kuuliza tarehe ya bima asubuhi bila kutabasamu ana kipaji. Mashemeji nitarudi kwao baadaye.

Kasoro huna. Ulipaza sauti palepale ambapo filamu ilikutaka upaze sauti, na imekuwa ikiwafanyia watu hivyo tangu 1944. Hebu tulirudie tukio lenyewe polepole, maana nadhani uliliona kwa moyo zaidi kuliko kwa macho. Billy Wilder, aliyeiongoza na kuiandika pamoja na Raymond Chandler, hakuacha shaka yoyote kuhusu nani ni mwovu. Mauaji yameshafanyika. Phyllis, yule mke, anajaribu kuwasha gari, injini inakohoa, inanyamaza. Anajaribu tena. Inanyamaza. Kamera haiondoki ndani ya gari, inakaa na nyuso zao mbili. Wanatazamana. Kisha Walter, yule wakala wa bima, ananyoosha mkono, anajaribu yeye, na gari linawaka. Mtazamaji anashusha pumzi, na akishaishusha ndipo anapojiuliza ameishusha kwa ajili ya nani. Husimuliwa kwamba wazo hilo lilimjia Wilder baada ya gari lake mwenyewe kugoma kuwaka. Mimi naiamini hadithi hiyo, kwa sababu tukio lenyewe lina ile hasira ya mtu aliyewahi kukaa ndani ya gari bovu akiwa na haraka.

Miaka 16 baadaye mwongozaji Alfred Hitchcock akatumia gari jingine. Katika Psycho, Norman, mwenye moteli, anasukumiza kwenye kinamasi gari la Marion, mgeni wake aliyeuawa bafuni. Ndani yake mna maiti ya Marion, pamoja na dola 40,000 alizomwibia mwajiri wake, zimefungwa kwenye gazeti, wala Norman hajui kama zipo. Gari linazama, linazama, halafu linasimama. Paa bado linaonekana. Norman anaacha kutafuna, anageuza shingo huku na huku. Na sisi ambao tumekuwa na Marion tangu filamu inaanza, tuliomwonea huruma hadi anaingia bafuni, tunaanza kuombea lizame. Linazama, tunaridhika. Wewe kwa kazi yako ulipaswa angalau kuzililia zile dola 40,000, lakini naweka dau kwamba hukuzikumbuka.

Hitchcock alilieleza hili katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut: mtu akiingia chumba cha mwenzake na kupekua madroo, huku mwenye chumba anapanda ngazi, watazamaji humtaka mpekuzi afanye haraka, hata kama ni mwizi. Akili ya binadamu hushika kazi iliyo mbele yake kabla ya kushika maadili. Ukionyeshwa mtu ana jambo la kufanya, muda ni mfupi, na kizuizi chenyewe ni kidogo na cha kawaida, unaingia kumsaidia. Katika waliokaa kuitazama Double Indemnity, wengi mno hawajawahi kuua, lakini kila mmoja ana kitu kilichomgomea wakati mbaya. Wilder aliingia kwa mlango huo.

Kuna na mlango wa pili, nao ndio unaozitofautisha filamu hizi na zile tulizokulia, ambazo steringi hafi na adui unamjua kwa mavazi. Katika hadithi ya kawaida ya upelelezi unakaa na polisi, unamtafuta muuaji pamoja naye. Hapa unakaa begani kwa mkosaji. Unajua mpango, unajua wapi pana tundu, unajua shahidi gani anaweza kuropoka. Ukishatunziwa siri ya mtu na ukaendelea kukaa kimya, umekwisha kuwa wake nusu. Walioziunda filamu hizi walikuwa wanataka ukae hapo hasa, kwenye kiti kisichokaa sawa.

Lakini kuna mtu umemsahau katika barua yako, na nimeshangaa mkaguzi wa hesabu amemsahauje. Barton Keyes! Yule mkuu wa madai katika kampuni ya bima, aliyechezwa na Edward G. Robinson, mfupi, mwenye sigara na maneno mengi. Huyo ni wewe. Ndani ya tumbo lake, anasema, anaishi kijitu kidogo, na kila linapoletwa dai la uongo kijitu hicho kinamkaba hata chakula hakishuki. Kuna mahali bosi wake anataka kuhitimisha kwamba marehemu alijiua, na Keyes anammwagia majedwali ya takwimu za watu waliojiua, aina kwa aina, bila kukohoa, kisha anamwuliza ni nani katika orodha yote hiyo aliyewahi kujiua kwa kuruka kutoka nyuma ya treni inayokwenda taratibu. Ndilo tukio ninalolipenda kuliko yote ya mapenzi humo ndani.

Walter anamwogopa Keyes, na anampenda. Filamu nzima ni ungamo la Walter, anazungumza usiku kwenye mashine ya kurekodi akiwa na risasi mwilini, na anayeungamiwa ni Keyes. Kwa hiyo usiku ule wewe ulikuwa umekaa viti viwili. Nusu yako ilikuwa ndani ya gari inasema waka. Nusu nyingine, ile ya mchana, ilikuwa ofisini inamsubiri. Na utamu wote unatoka kwenye mvutano huo. Mtu asiyejali wizi hawezi kuifurahia filamu ya wizi. Kwake ni taarifa kama taarifa nyingine. Ungekuwa mtu wa risiti za kuchonga, ungesinzia kwenye Body Heat kama ulivyosinzia kwenye mabomba ya Chinatown. Ndiyo maana siioni kazi yako kama jambo la kuongeza aibu. Naiona kama sababu ya wewe kuzipenda.

Sasa, kwa nini zile mpya zinakuachia uchungu zaidi kuliko za kale? Hapo pana historia kidogo. Kuanzia 1934 hadi 1968 Hollywood ilifanya kazi chini ya kanuni za maadili zilizoandikwa 1930, na ofisi ya Joseph Breen ilikuwa inasoma miswada kabla filamu haijapigwa. Uhalifu usionekane unalipa, na huruma ya mtazamaji isiegemee upande wa mhalifu. Watu wa noir waliishi na kanuni hiyo kwa ujanja: walikupa saa nzima na zaidi ya dhambi, kisha dakika chache za mwisho za kulipa. Wilder hata alipiga tukio la Walter akiuawa kwenye chumba cha gesi, halafu akaliondoa, kwa kuwa adhabu ilikuwa imeshafika bila hilo. Mtazamaji alitoka ukumbini msafi. Deni lake lilikuwa limelipwa na filamu.

Kanuni zilipoondoka, zikaja ngazi za umri wa watazamaji, na waandishi wakagundua kwamba sasa hawalazimiki kulipa. Body Heat ya 1981, ya Lawrence Kasdan, imechukua mifupa ya Double Indemnity na kuivisha jasho la Florida, lakini Matty, mke aliyepanga mauaji, anaishia ufukweni, nchi ya mbali, amejilaza juani, na yule wakili mjinga yuko gerezani na kitabu cha picha za shule mkononi. (Kama kuna msomaji hajaiona, nimemharibia. Ina zaidi ya miaka 40, anisamehe.) Katika The Last Seduction ya 1994, Bridget, mke aliyemwibia mumewe, anaondoka na fedha na hageuki nyuma. Hakuna aliyekulipia deni. Umelala nalo, ukaamka nalo, ukaniandikia barua. Ule uzito ulionao asubuhi ni adhabu ambayo zamani ilikuwa inatolewa na filamu yenyewe, sasa umeachiwa wewe utafute pa kuiweka.

Wala si kila mwovu anayeponyoka anatuachia utamu. Nikirudi kwa yule kijana wa ofisini: Chinatown ya 1974 inamwachia mwovu mkubwa kabisa akaondoka na kila kitu, na hakuna anayeshangilia. Mwandishi wake, Robert Towne, alitaka mwisho wenye nafuu. Mwongozaji, Roman Polanski, akashikilia uwe mbaya, na ukawa mbaya. (Polanski huyo mwaka 1977 alikiri mahakamani kosa la kufanya ngono na mtoto, na 1978 akatoroka Marekani kabla ya hukumu. Ukitafuta kitu cha kukukosesha raha kwa haki katika kuangalia filamu, hicho kina uzito kuliko Matty na ufukwe wake.)

Lakini irudie, mpwa wangu, na safari hii iangalie ukiwa kazini kichwani. Ulisinzia kabla ya chumba cha kumbukumbu za ardhi. Mpelelezi anafungua daftari la viwanja, anaona bonde zima limebadilisha wenyewe kwa muda mfupi. Anaomba rula kwa karani, anaiweka kwenye ukurasa, anakohoa kwa nguvu, na chini ya kikohozi hicho anaichana karatasi. Baadaye anagundua majina ya wanunuzi ni ya wazee wa nyumba ya kutunzia wazee ambao hawana habari kama wanamiliki chochote, na mmoja wao alinunua ardhi wiki moja baada ya kufa. Wewe mtu wa mishahara hewa, unasinziaje hapo? Maji yale yana asili ya kweli pia: Los Angeles ilijenga mfereji wa kuyatoa bonde la Owens, ukafunguliwa 1913, na ugomvi wake ulidumu miaka mingi. Filamu imeuhamishia 1937 na kuubadilisha sana, kwa hiyo usiichukue kama somo la historia.

Ila kijana naye ana majivuno. Filamu za noir zilipokuwa zinatoka hakuna aliyeziita sanaa. Zilikuwa picha za uhalifu, nyingine za bei ya chini kabisa, zinawekwa kujazia programu ya ukumbi. Jina lenyewe, noir, yaani "nyeusi", walizipa Wafaransa, baada ya vita, filamu za Kimarekani zilipofika Paris kwa mkupuo na mhakiki Nino Frank akaandika juu yake mwaka 1946. Detour ya 1945 ilipigwa kwa fedha kidogo na inaonekana hivyo, lakini mwaka 1992 iliwekwa kwenye orodha ya filamu zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Hivyo mtu akikwambia "takataka", mwulize ya mwaka gani.

Sitakudanganya lakini kwamba kila takataka ni dhahabu iliyofichwa. Nyingi ni takataka tu. Zile za kanda za video nimeziona za kutosha: feni inazunguka darini, mwanga unakatwa vipande na pazia, saksafoni inalia bila kuulizwa, na mnamo nusu saa ya kwanza watu wanavua nguo kwa sababu bajeti haikuruhusu kingine. Basic Instinct ya 1992 ni ya aina hiyo, ila yenye fedha. Mswada wake tu uliuzwa dola milioni 3. Hadithi yake ukiikagua kama unavyokagua vitabu haifungi, hata ukipanga upya. Hata hivyo Paul Verhoeven aliiongoza kwa ustadi ambao filamu nyingi za heshima hazina, na mimi huiangalia. Wanaharakati wa haki za wapenzi wa jinsia moja waliandamana San Francisco wakati inapigwa, kwa kuona wanachorwa kama wauaji, na walikuwa na hoja. Vyote hivyo viko kwenye filamu moja na sioni haja ya kuvitatua.

Hapo ndipo ninapotaka ulitazame jambo ambalo hukuliuliza: huyo mwanamke. Nadhani ndiye anayekuvuta kuliko maiti. Katika filamu hizi wanaume ndio wanaotawaliwa na moyo. Wanalia, wanaamini, wanasaini bila kusoma. Mwanamke anasoma mkataba, anahesabu, anajua anachotaka na anakitamka. Bridget anageuza maandishi ya "New York" kinyumenyume na kujipatia jina jipya hapohapo. Kwa mtu anayeshinda akiwa mwadilifu, mpole na mwenye kusamehe chenji kwa maandishi tu, kuwa na mtu kama huyo usiku kwa saa mbili ni mapumziko. Hupumziki kwa kutaka kuua. Unapumzika kutoka kwenye kuwa mwema saa zote.

Ila mkague naye. Mara nyingi amepewa akili akanyimwa maisha. Hana mama, hana rafiki, hana siku ya kawaida. Yupo ili mwanamume aharibike. Na mfano mbaya zaidi uko kwenye orodha yako. Fatal Attraction ya 1987 ilipigwa kwanza na mwisho ambao Alex, yule mwanamke wa nje, anajiua, na Dan, mume wa watu, anakamatwa akishukiwa kumuua. Watazamaji wa majaribio hawakuupenda. Walitaka mwanamke yule aadhibiwe. Wakarudi kupiga mwisho mwingine, bafuni, bastola mkononi mwa mke. Kanuni za Breen zilikuwa zimekufa karibu miaka 20, na watu wakazifufua wenyewe. Mume aliyeanzisha yote akabaki na familia yake. Huo mwisho ndio unaonikera mimi, na watu huushangilia bila hatia yoyote.

Kwa dada yako, usimjibu kwa hoja za filamu, hatazisikia na hazimhusu. Anakuuliza jambo la haki: je, inakubadilisha? Mjibu hilo. Umeanza kuwaona watu kama vikwazo? Umeacha kushtuka mtu akiumizwa? Unakaa na hedifoni kwa sababu kuna mazungumzo unayakwepa? Kama jibu ni hapana, mwambie hapana. Kama lile la mwisho limekugusa kidogo, hilo ni lako na mumeo, na halikuletwa na Barbara Stanwyck, aliyemcheza Phyllis. Na pale zenye mambo ya chumbani, weka nywila kwenye kifaa. Watoto huamka.

Kuhusu kujificha, taarifa ya habari iache leo. Hiyo ndiyo inayokufanya ujisikie mhalifu, maana unafanya matendo ya mhalifu: unasikiliza hatua mlangoni, unafuta alama, una hadithi ya akiba. Mwambie mume wako mambo mawili. La kwanza, mzaha wa bima unakufurahisha ukiwa wenu wawili, lakini mbele ya ndugu zake umegeuka kukuchora, na unataka awaambie yeye mwenyewe wauache. Usimtume shemeji ujumbe wewe. La pili, mwalike aangalie moja, hedifoni mezani.

Usianze na Body Heat. Atakutazama wewe badala ya filamu. Anza na Andhadhun ya 2018, ya Kihindi, ya Sriram Raghavan. Kuna mpiga piano anayejifanya kipofu. Anaingia nyumba ya watu kupiga piano, na anapopiga anaona maiti sakafuni, mke wa marehemu na mwanamume mwingine wanafanya usafi kimyakimya, wakiamini haoni. Hawezi kuacha kupiga. Hawezi kukosea noti. Mke anamtazama machoni. Inachekesha mpaka unaona vibaya kucheka, na mwisho wake mtabishana hadi usiku wa manane. Mkiipenda, fuatisheni na Decision to Leave ya Park Chan-wook, iliyompa tuzo ya mwongozaji bora Cannes mwaka 2022. Hiyo ni taratibu, ina mpelelezi asiyepata usingizi na mjane anayeshukiwa, na haitakupa raha ya haraka. Mwonyeshe huyo kijana wa ofisini pia, anyamaze kidogo.

Orodha usiifute. Ongeza safu moja pembeni, kama unavyofanya kazini: nani ametoka na fedha, nani amelipa, na wewe ulikuwa upande wa nani. Na ule mwisho wa kwanza wa Fatal Attraction upo, ulitolewa baadaye kwenye matoleo ya video. Utafute, uangalie yote miwili siku moja, halafu uniandikie ungekuwa miongoni mwa watazamaji wale wa majaribio ungechagua upi.

Shangazi